Hulka na namna ya kukabiliana na msongo ni mambo mawili

Katika vikao vya maofisa utumishi hapa Dar es Salaam kuna kauli iliyozoeleka kupita kiasi: kwamba mfanyakazi fulani ameshindwa kukabiliana na msongo kwa sababu ana moyo mwepesi, ndivyo alivyo. Kauli hiyo inachanganya mambo matatu ambayo saikolojia huyatenganisha, yaani dhiki, hulka na kukabiliana, na anayeumia ni mfanyakazi.

Dhiki ya kisaikolojia ni wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi na uchovu wa akili vinavyomwandama mtu. Si lazima dhiki hiyo iwe ugonjwa. Hulka ni mwelekeo wake wa kudumu wa kuhisi na kutenda. Kukabiliana ni yale anayoyafanya na kuyawaza pale jambo linapomwelemea.

Hilo la mwisho ndilo linalopotoshwa. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika maandishi yao ya mwaka 1984, walieleza kukabiliana kuwa ni juhudi zinazobadilika kila mara kulingana na jambo lenyewe na jinsi mtu anavyolipima. Juhudi nyingine hulenga tatizo, nyingine hulenga hisia zinazoletwa na tatizo, na mtu yule yule hutumia zote. Keshia wa benki anayefunga hesabu jioni na kukuta fedha zimepungua anaweza kwenda kando kutuliza moyo, kisha akarudi kupitia stakabadhi moja baada ya nyingine. Anaweza kumwita msimamizi. Anaweza pia kunyamaza na kufidia kutoka mfukoni mwake, na hilo la kunyamaza ndilo ambalo wakubwa wengi, kwa bahati mbaya, huliita uvumilivu.

Hulka ina nafasi yake, na si ndogo. Kati ya sifa tano kuu ambazo wanasaikolojia huzitumia kuielezea, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi ndio unaohusishwa zaidi na dhiki, na walio nao kwa wingi huelekea kulikwepa tatizo au kujilaumu, ilhali wenye bidii na mpangilio huelekea kulishughulikia. Lakini kuelekea si kulazimika. Keshia mwenye wasiwasi, akijua kwamba hatakaripiwa mbele ya wenzake, atamwita msimamizi. Keshia mtulivu, akijua kwamba kila upungufu hukatwa kwenye mshahara bila kuulizwa, huenda akanyamaza.

Hata vipimo vinazingatia tofauti hii. Dodoso la daktari wa magonjwa ya akili David Goldberg lenye maswali 12, linalotumika sana kupima dhiki, humuuliza mtu hali yake ya siku za karibuni ikilinganishwa na kawaida yake: je, amekosa usingizi kwa wasiwasi, je, ameweza kuzikabili shida zake? Halimuulizi yeye ni mtu wa namna gani.

Kwa hiyo ofisa anayejaza fomu ya tathmini, badala ya kuandika kwamba mfanyakazi "hana uwezo wa kuhimili msongo", angekuwa sahihi zaidi kama angeandika alichokiona: kwamba tangu aongezewe kaunta ya pili ameacha kuuliza maswali, na kwamba hajaulizwa kwa nini.