Vile vipande vya kutafuna kwenye juisi si plastiki

Mtwara na Lindi wapo wengi wanaoamini kwamba vile vipande laini vya kutafuna, vilivyomo kwenye juisi za chupa kutoka Thailand, ni plastiki au jeli ya nguruwe. Hofu hiyo inaeleweka: mtu anatafuna kitu asichokijua, na maandishi ya chupa ni madogo.

Kwa kawaida vipande hivyo ni nata de coco, iliyoanzia Ufilipino, na asili yake ni kitu ambacho jikoni kwetu mara nyingi humwagwa: maji ya nazi iliyokomaa. Hutiwa sukari na asidi kidogo, kisha bakteria hufuma juu yake utando mnene wa selulosi, ileile iliyomo kwenye mboga. Utando hukatwa vipande, huoshwa na kuchemshwa. Hakuna mnyama hapo.

Jaribu nyumbani: opoa kipande, kisuuze, kianike juani. Karibu chote ni maji, hivyo kitanywea kibaki chembamba kama karatasi; plastiki hainywei hivyo. Soma pia orodha ya viambato, maana jeli nyingine hutengenezwa kwa gelatini ya wanyama. Mimi ningeangalia zaidi kiasi cha sukari, hasa kwa watoto.