Picha ya kifua haikuachii mionzi mwilini

Kwenye benchi la kusubiria eksirei katika hospitali moja hapa Mbeya, nilimsikia mama akimwambia binti yake: "Ukitoka humo mwanangu, usimshike mtoto mpaka unywe maziwa, mionzi itoke." Binti alikuwa anakohoa sana, na kwa maneno hayo akaanza kutazama mlango wa kutokea. Hapo ndipo penye hatari: kifua kikuu kisichopimwa kinamdhuru huyo mtoto kweli.

Dhana: Eksirei hubaki mwilini, na maziwa huisafisha.

Ndani ya mashine ile hakuna madini ya mionzi. Umeme husukuma elektroni kwa kasi kubwa mpaka zigonge kipande cha chuma, na mgongano huo ndio unaozaa eksirei. Umeme ukikatwa, mionzi imekwisha, kama mwanga wa taa iliyozimwa. Maziwa hayana cha kusafisha.

Tuingie ndani ya atomu kidogo. Katikati kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje yake kuna elektroni. Eksirei ikipita mwilini hung'oa baadhi ya elektroni hizo, na atomu iliyopoteza elektroni huitwa ayoni. Hilo laweza kuharibu chembe hai, ndiyo maana hatupigi picha bila sababu. Lakini kitu kuendelea kutoa mionzi chenyewe ni tabia ya kiini kisicho imara, yaani kinachovunjika chenyewe, na eksirei ya hospitali haibadilishi viini vyako. Kwa hiyo huwezi kumwambukiza mtu mionzi. Mshike mtoto, mnyonyeshe.

Kipimo chenyewe ni kidogo. Picha moja ya kifua kwa kawaida haizidi milisiveti 0.1 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi inayoupata mwili), wakati mionzi ya asili humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. CT skani ya kifua, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ni jambo jingine: hufika kama milisiveti 7, kwa hiyo ni haki yako kumuuliza daktari kama inahitajika kweli. Na mjamzito aseme mapema, kabla ya kuingia chumbani.

Dhana: Mionzi ni kitu cha viwandani na cha mabomu.

Ndizi za Tukuyu na viazi vya Uporoto vina potasiamu, na katika kila atomu 8,500 hivi za potasiamu, moja ni potasiamu-40: protoni 19, nyutroni 21, kiini kisicho imara. Ndani ya mtu mzima, viini kama 4,000 vya aina hiyo huvunjika kila sekunde. Kula ndizi nyingi hakurundiki mionzi, kwani potasiamu ya ziada hutoka kwa mkojo. Nasi tunaoishi kwenye miinuko ya mita 1,700 hivi hupata mionzi ya angani kuwazidi kidogo watu wa Dar es Salaam.

Dhana: Ultrasaundi na mnara wa simu ni mionzi ileile.

Hapana. Ultrasaundi ni mawimbi ya sauti. Mawimbi ya mnara hayana nguvu ya kung'oa elektroni.

Dhana: Hakuna mgonjwa yeyote anayetoka hospitali na mionzi.

Wapo, na wengi hawawajui. Anayetibiwa tezi ya shingo kwa iodini-131 humezeshwa dawa yenyewe ya mionzi. Huyo ndiye huambiwa akae mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na inabidi afuate maagizo hayo. Nusu ya iodini hiyo huisha yenyewe kila baada ya siku 8, na nyingi hutoka mapema zaidi kwa mkojo.