Mume ni raia wa Kanada, mnaishi Ujiji: maombi ya udhamini yanavyokwenda

Swali hili hufika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Kigoma kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji anaogopa jibu: "Mume wangu ni wa Kanada, tunakaa naye Ujiji mwaka wa nne huu. Ni lazima arudi kwao kwanza ndipo anidhamini nipate ukaazi wa kudumu wa Kanada?"

Tunaanza kwa kuuliza pasipoti ya mume. Kama ni raia wa Kanada, anaweza kupeleka maombi akiwa hapa hapa. Kama ni mkaazi wa kudumu tu, yaani ana kadi lakini hajawa raia, sheria ya kwao inamtaka awe anaishi Kanada muda wote maombi yanaposhughulikiwa. Kuja likizo kuwasalimia wakwe hakuna shida. Kuhamia Mwanga hapa Kigoma na kufungua duka ni jambo jingine, na hapo udhamini unakwama. Wanaonaswa zaidi ni vijana waliopelekwa Kanada kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: wamepata kadi, wamerudi kuoa, wamenogewa na Kigoma, kisha wanataka kumdhamini mke wakiwa huku huku.

Raia naye ana mzigo wake. Lazima aonyeshe kwamba mke akipewa ukaazi, wote wawili watahamia Kanada. Maneno matupu hayatoshi. Barua ya ajira, mawasiliano na mwenye nyumba wa huko, maombi ya shule ya watoto, mkataba wa kazi ya hapa unaoonyesha unaisha lini: vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyosomwa. Wanandoa wanaotaka kadi ya mke ikae kabatini "kwa ajili ya baadaye", huku wakiendelea na maisha yao Kigoma, wajue kwamba maombi yao yana kasoro tangu siku ya kwanza.

Kuhusu fedha, wengi huogopa bure. Kwa kumdhamini mke au mume, kwa kawaida Kanada haiweki kiwango cha chini cha kipato. Ila mdhamini asiwe anaishi kwa ruzuku ya serikali ya huko, isipokuwa ile ya ulemavu, na anatia saini ahadi ya kumtunza mwenzake kwa miaka 3 tangu apate ukaazi. Ahadi hiyo haifutwi na talaka. Jimbo la Quebec lina utaratibu wake. Na ikiwa mdhamini mwenyewe aliingia Kanada kwa kudhaminiwa na mke wa zamani, hawezi kudhamini mwenzi mwingine mpaka ipite miaka 5 tangu alipopata ukaazi.

Sasa ndoa yenyewe. Ndoa iliyofungwa Tanzania kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na ikasajiliwa, iwe ya msikitini, kanisani, bomani au ya kimila, inakubalika kwa msingi huo, lakini kuna mitego miwili tunayokutana nayo huku kwetu. Wa kwanza ni ndoa ya simu. Bwana yuko Edmonton, bibi harusi yuko Kasulu, mwakilishi wa bwana harusi amekaa mbele ya shehe. Kidini watu wanaweza kuielewa; kwa uhamiaji wa Kanada, tangu tarehe 11 Juni 2015, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwapo ana kwa ana haihesabiki. Dawa yake ni mume kusafiri na kufunga ndoa upya akiwapo. Mtego wa pili ni mke wa pili. Sheria yetu inaruhusu, ya Kanada hairuhusu, na mume aliye bado kwenye ndoa na mke wa kwanza hawezi kumdhamini wa pili, hata cheti kiwe kizuri namna gani.

Wanaoishi kinyumba bila cheti wasikate tamaa. Kwetu mahakama inaweza kudhania kuna ndoa kama watu wamekaa pamoja miaka 2 na zaidi na jamii inawajua hivyo. Kanada inahesabu miezi 12 mfululizo chini ya paa moja, lakini inataka kuiona hiyo miezi kwenye karatasi.

Na hapa ndipo kukaa pamoja nje ya Kanada kunapokuwa faida. Wanaotengana kwa miaka huhangaika kukusanya picha za simu za video za usiku wa manane. Ninyi mna nyumba moja. Tatizo la Kigoma ni kwamba maisha yetu hayaachi makaratasi: nyumba ya kupanga imekubaliwa kwa mdomo, na LUKU ya umeme inasomeka jina la mwenye nyumba aliyefariki mwaka juzi. Anzeni mapema, basi. Andikeni mkataba wa pango wenye majina yote mawili. Ombeni barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji inayosema mnaishi wapi na tangu lini. Bima ya afya inayomtaja mwenzi, akaunti ya pamoja, miamala ya kutumiana hela, kadi ya kliniki ya mtoto yenye majina ya wazazi, tiketi mlizosafiri pamoja. Kibali cha ukaazi cha mume hapa Tanzania nacho ni ushahidi, na kama kimeisha muda wake, kashughulikieni hilo Uhamiaji kwanza. Picha za harusi wekeni, lakini kumi zenye wazazi, mashemeji na majirani zina uzito kuliko mia mbili za wawili tu ufukweni Kibirizi.

Jambo ambalo nikipewa nafasi ya kusema moja tu ningelisema ni hili: tajeni watoto wote. Mtoto wa ujana anayelelewa na bibi yake Buhigwe, mtoto aliye kwa baba yake Urambo, mtoto ambaye shemeji zako hawajui habari zake. Fomu inawauliza wote, wanaosafiri na wasiosafiri, na kwa kawaida hata asiyesafiri hutakiwa kupimwa afya. Ukimficha leo, baadaye ukiwa Kanada na ukataka kumchukua, sheria inamtoa kwenye orodha ya wanaoweza kudhaminiwa na wewe. Mwaka 2019 Kanada ilianzisha mpango wa muda wa kulegeza hilo kwa baadhi ya watu, lakini usijenge maisha ya mwanao juu ya mpango wa muda. Aibu ya kumwambia mumeo leo ni nyepesi kuliko kumkosa mwanao baadaye. Wala usimfiche mtoto kwa kuwa ni mgonjwa: gharama kubwa za matibabu si sababu ya kumkatalia mwenzi au mtoto anayedhaminiwa.

Kwa ndugu walio kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ipo njia nyingine kabisa. Mkimbizi aliyepokelewa Kanada anaweza kuomba mke, mume au watoto waliobaki wamfuate, mradi aliwataja kabla hajaondoka na aombe ndani ya mwaka 1 tangu apate ukaazi. Mwaka ukipita, anarudi kwenye foleni ya udhamini wa kawaida.

Kuhusu karatasi: cheti au barua iliyo kwa Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, na mtafsiri asiwe ndugu yenu. Majina yaliyopishana herufi kati ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na pasipoti yarekebisheni kabla, au yaelezeni kwa kiapo. Cheti cha polisi cha tabia njema huombwa kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi, hivyo aliyefanya biashara Bujumbura au Kalemie ajiandae. Vishoka wanaodai wana mtu ubalozini waepukeni. Anayelipwa kuwakilisha mtu kwenye maombi haya lazima awe wakili au mshauri mwenye leseni ya Kanada, na fomu zenyewe zinapatikana bure.

Maombi ya aliye nje yakikataliwa, mara nyingi mdhamini ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 30. Siku 30 pia ndizo mnazopewa kwenda kutoa alama za vidole barua ya kuziomba ikishafika, na barua hiyo huja kwa mtandao. Kituo cha kutolea alama hizo kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka hapa. Nauli ya treni itengwe kabla ya kutuma maombi, na barua pepe ifunguliwe kila siku, hata siku ambazo mtandao unasumbua.