Bresi ya goti haifanyi kazi kwa kubana

"Nikaze mpaka mwisho, ndiyo ishike." Kauli hii imetuchosha sisi tunaowavalisha watu bresi. Mtu anashuka kutoka Newala, mguu umevimba, vidole vina ganzi, na bado anataka akazwe zaidi.

Bresi ya bawaba, yaani kishikio cha goti chenye mikanda na vyuma vinavyokunja pembeni, inashika goti kwa kukaa mahali pake. Bawaba ziwe usawa wa katikati ya pia ya goti, na ukiutazama mguu kwa pembeni, zirudi nyuma kidogo ya mstari wa kati. Zikiteremka, goti linakunja kwake na chuma kinakunja kwake: ngozi inachubuka, hatua inakuwa fupi. Kutembea kunataka goti likunje kama nyuzi 60 mguu unapopita mbele. Likizuiwa, mtu anainua nyonga au anazungusha mguu kwa nje, jioni analaumu kiuno.

Bresi inashuka kwa sababu paja ni pana juu na jembamba chini. Kinachoizuia ni mkanda unaokaa chini tu ya goti, pale shavu la mguu linapoanza, tena wengi huufunga wa mwisho! Kaa ukingoni mwa kiti, kunja goti kidogo, panga bawaba, funga mkanda huo kwanza, kisha wa chini yake, ndipo ya paja. Kidole kipite chini ya kila mkanda. Tembea dakika chache, sawazisha tena. Ukipata ganzi upande wa juu wa wayo au vidole vinaburuzika, mshipa wa fahamu ulio pembeni, chini kidogo ya goti, umebanwa: legeza mara moja. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Saizi nayo haikisiwi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko sentimita 15 juu na 15 chini ya katikati ya pia, kisha soma jedwali la bresi yenyewe. M ya huku si M ya kule.

Soksi ya goti? Inatia joto na kutuliza kidogo. Haiondoi uzito upande wa goti uliolika.

Juu ya suruali usivae, itateleza. Vaa kwenye ngozi kavu. Kwa joto letu la pwani jasho huleta upele, kwa hiyo ioshe kwa sabuni na uianike kivulini.

Na msimu wa korosho usichuchumae nayo, inabana nyuma ya goti na kuteremka. Okotea kwenye kigoda.