Je, wajua kwa nini mwindaji wa bata mzinga mwitu hamnyatii, bali huketi akamwita?

Bata mzinga tunayemjua huku kwetu ni yule wa kufugwa, mzito, anayenenepeshwa kungoja Krismasi. Ndugu yake wa mwituni kule Marekani ana tabia nyingine kabisa. Huruka vizuri, hulala juu ya miti, na akitimua mbio hufikia hata kilomita 40 kwa saa. Kumnyatia ndege huyu ni kujichosha bure. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuka, na rangi anazipambanua barabara. Pua yake ndiyo dhaifu. Mwindaji hana haja ya kuhangaika na upepo unavumia wapi, ila akipandisha mkono kukuna sikio, ameshaonekana.

Basi inabidi ndege aje mwenyewe. Nafasi hiyo hupatikana majira ya kuchipua, wakati wa kupandana, ambapo sheria za majimbo kwa kawaida huruhusu kuwinda madume tu. Dume hutambulika kwa kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani kama ndevu. Kwa kuwa dume mmoja hupanda majike wengi, kupungua kwa madume wachache hakuzuii mayai kutagwa.

Kazi huanza jioni ya kuamkia siku ya mawindo. Mwindaji huzunguka msituni giza likiingia, akaiga sauti ya bundi. Dume aliyekwisha kupanda mtini hushtuka na kujibu kwa mlio wake wa golo-golo-golo, bila hata kukusudia. Radi humfanya vivyo hivyo, na kunguru pia. Akishajibu, mti anaolala umejulikana. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, mwindaji anakuwa ameketi mita mia moja hivi kutoka hapo, amevaa nguo za mabakabaka mpaka usoni, mgongo ameuegemeza kwenye shina pana kuliko mabega yake.

Sasa anaita. Wengine hutumia kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa ukingoni, kifuniko chenyewe kimepakwa chaki. Wengine husugua kijiti juu ya kibao cha jiwe, na mafundi hasa huweka kipande chembamba cha mpira mdomoni ili mikono yote miwili ibaki kwenye bunduki. Wenyeji wa asili wa bara hilo walikuwa wakiita kwa kufyonza hewa kupitia mfupa wa bawa la bata mzinga huyohuyo, na wapo wanaoutumia hadi leo.

Ugumu wenyewe uko hapa. Kwa kawaida yao, dume ndiye huita na jike ndiye humwendea. Mwindaji anamtaka dume afanye kinyume cha mila ya ukoo wake. Ndiyo maana dume mzee huja mpaka mita sitini hivi, akasimama, akatandaza mkia na kungoja bibi ajitokeze. Asipomwona, haongezi hatua. Anayeanza kuwinda huzidisha kuita hapo, na kila akiita, dume anazidi kuamini kuwa jike yuko njiani. Mzoefu hunyamaza. Huenda akaparura majani makavu kwa vidole, chaku-chaku, kama jike anayechakura chakula na asiyejali kitu. Kwangu mimi, huo ukimya ndio ufundi mkubwa kuliko kelele zote za kisanduku.

Saa nayo ina siri yake. Kukipambazuka, dume huwa amezungukwa na majike wa kweli, wa bandia wa nini? Lakini kufikia saa tatu au saa nne asubuhi, majike wengi huwa wamejitenga kwenda kutaga. Dume yuleyule aliyekupuuza alfajiri sasa yu peke yake, na akiitwa anaweza kuja mbio.

Akifika ndani ya mita 35 hivi, hulengwa kichwani na shingoni kwa bunduki ya marisawa, kwa sababu manyoya na misuli ya kifua huweza kuzuia risasi hizo ndogo, ndege akaenda kufia mbali. Bunduki inatakiwa iwe imeshapakatwa gotini, na husogezwa pale tu kichwa cha ndege kinapopita nyuma ya mti.

Kuna sheria moja ambayo wakongwe hawana mzaha nayo. Usivae chekundu, cheupe wala cha buluu, hata leso mfukoni, kwani hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Na ukisikia mlio mzuri wa bata mzinga kichakani, usiufuate, kwa kuwa anayelia huko anaweza kuwa mwindaji mwenzako.