Tachidauni si trai, na wala haigusi chini

Nimejaribu kunyamaza kuhusu hii kitu lakini Jumamosi ilinishinda. Tuko klabu ya mtaani tunaangalia raga ya wachezaji saba, Shujaa, timu yetu ya Kenya, wako uwanjani, kijana mmoja anachomoka pembeni anaacha watu wawili wakigongana wenyewe kwa wenyewe, anazunguka hadi katikati ya milingoti na kuweka mpira chini polepole kama mtu anayepanga mayai kwa trei. Jamaa wa meza ya nyuma, yule aliyekaa Minnesota, Marekani, miaka miwili na hatujawahi kupumzika kusikia habari za theluji, akasimama akapiga nduru: "TACHIDAUNIII!"

Hiyo ni mara ya tatu mwezi huu nasikia mtu mzima akisema hivyo. Sasa ngoja tuelewane.

Tachidauni ni ya futboli ya Marekani. Ukiwa umeshika mpira na huo mpira ufike mstari wa goli wa wapinzani, ama uudake ukiwa tayari ndani ya lile eneo la yadi 10 nyuma ya mstari, timu yako inapata pointi 6. Basi. Hiyo ndiyo maana yote. Kinachoniuma ni jina.

Maana angalia: tachi ni gusa, dauni ni chini. Lakini mchezaji wa NFL, ligi kuu ya futboli ya Marekani, hahitaji kugusisha mpira chini hata kidogo. Mstari wa goli kwao ni kama ukuta usioonekana uliosimama kutoka kwa nyasi hadi mawinguni, ncha ya mpira ikifika tu kwa huo ukuta akiwa bado ameushika, refa anainua mikono miwili na mambo yameisha, baada ya hapo anaweza kuudunda, kuurusha, kumpa mtoto aliyekaa mstari wa mbele. Kwa raga sasa, ambako bao hilo hatuliiti tachidauni bali trai, LAZIMA mpira uguse chini na uwe umeushikilia ama umeugandamiza, usipofanya hivyo hujafunga, hata uzunguke humo ndani mpaka jioni. Yaani mchezo wa kugusa chini hauitwi gusa chini, na huo mwingine unaoitwa gusa chini haugusi kitu.

Ilikuwaje? Hii michezo ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka Uingereza. Mei 1874 vijana wa chuo cha McGill walitoka Montreal wakaenda kucheza na chuo cha Harvard cha Marekani, mechi moja kwa sheria za wenyeji na nyingine kwa sheria za raga, na Harvard wakapenda hiyo ya wageni kuliko yao wenyewe. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Novemba 1876, wajumbe wa vyuo vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia wakakutana kwa hoteli moja iliyoitwa Massasoit House, mjini Springfield, Massachusetts, wakaichukua sheria ya raga karibu nzima nzima. Hapo tachidauni ilikuwa tachidauni kweli, unavuka mstari unaweka mpira chini kwa mkono wako. Na kitu chenyewe kilikuwa rahisi vibaya, walikubaliana kwamba goli moja la teke ni sawa na tachidauni nne.

Kule Uingereza nako kuweka mpira chini hakukukupa pointi hata moja. Kulikupa ruhusa tu. Ruhusa ya kurudi nyuma ujaribu kupiga mpira upite juu ya mwamba, na hilo jaribio ndilo trai, neno lenyewe maana yake ni kujaribu. Kwa hivyo tukisema "Kenya wamefunga trai tatu" tunasema wamefunga majaribio matatu, ambayo ukifikiria sana ni kichekesho, lakini ndiyo lugha, haingojei mtu.

Wamarekani walipoanza kuhesabu pointi 1883, tachidauni ikapewa 2 na goli la kupigwa wakati mchezo unaendelea likapewa 5. Ona vile teke lilikuwa mfalme! Polepole ikageuka, kubeba mpira kukapanda bei na teke likashuka, hadi 1912 tachidauni ikafika 6 na hapo ndipo iko mpaka leo. Lile sharti la kugusisha chini lilikuwa limeshaondolewa kitambo, kabla hata karne ya 19 haijaisha. Jina likabaki. Ni kama matatu tu, wazee wanatuambia jina lilitokana na nauli ya mapeni matatu, na wewe ukipanda leo mpe kondakta mapeni matatu uone atakuambia nini.

(Na hao watu majina hayawasumbui hata. Mpira wenyewe wanauita ngozi ya nguruwe, na ni ngozi ya ng'ombe, inashonwa na kampuni ya Wilson kwa kiwanda cha mji mdogo wa Ada, Ohio.)

Sasa kuna kitu watu wengi hawajui, na hapa ndipo namtaka jamaa wa Minnesota asome polepole. Neno trai halikupotea Marekani. Liko ndani ya kitabu cha sheria cha NFL mpaka saa hii, ila si jina la bao. Ni jina la ile nafasi inayofuata baada ya tachidauni, ile watu wanaita pointi ya ziada. Kwa hivyo kwao trai bado ni jaribio, kama ilivyokuwa mwanzo kabisa, na sisi wa raga ndio tuliolihamisha. Ukilipiga teke likaingia ni pointi 1, ukibeba mpira ama ukiupasi hadi ndani tena ni 2, hiyo ya 2 NFL waliikubali 1994. Teke lilikuwa limekuwa mchezo wa watoto, msimu wa 2014 walikuwa wanaingiza zaidi ya asilimia 99, ndipo 2015 wakarudisha mpira nyuma hadi yadi ya 15, sasa wapigaji angalau wanatoka jasho.

Na tarehe 1 Januari 2006, Doug Flutie wa New England Patriots, mzee wa miaka 43, aliingia kwa trai kama hiyo dhidi ya Miami Dolphins, akadondosha mpira ukadunda mara moja akaupiga ukapita katikati ya milingoti, teke la raga kabisa, halikuwa limefanikiwa NFL tangu 1941. Siku hiyo mtu angepiga nduru "trai!" mbele ya televisheni ya futboli ya Marekani ningemnunulia soda.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Sheria za raga nazo zina tachidauni! Ipo, imeandikwa. Ni pale mchezaji anayelinda anapoweka mpira chini ndani ya eneo lake mwenyewe nyuma ya mstari wake, kuua hatari. Inaleta pointi ngapi? Sufuri. Kwa hivyo ndugu yangu wa meza ya nyuma, ukipiga nduru "tachidauni" kijana wetu akifunga, kisheria umesema tumejiokoa nyumbani.

Hii tofauti ya kugusa na kutogusa si maneno matupu, imeaibisha watu. Septemba 2008, timu mbili za NFL, Eagles na Cowboys, zinacheza kule Texas, DeSean Jackson wa Eagles, kijana mgeni kwa ligi, anadaka pasi ndefu, hakuna mtu mbele yake, anakimbia huku akili imeshafika kwa sherehe, na akiwa hatua moja tu kabla ya mstari anauachilia mpira kwa madaha unaanguka nyuma yake. Marefa wenyewe walidanganyika wakainua mikono. Ikabidi video irudiwe, tachidauni ikafutwa. Na kabla yake kulikuwa na Leon Lett wa Cowboys, Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya Januari 1993, jitu kubwa limeokota mpira linaelekea ndani peke yake, likapunguza mwendo likanyoosha mkono pembeni kuonyesha dunia, Don Beebe wa Buffalo akatokea nyuma akaugonga ukatoka. Cowboys walikuwa wanashinda 52 kwa 17 kwa hivyo hakikuharibika kitu, ila wangefunga hiyo wangevunja rekodi ya pointi 55 kwa Super Bowl moja, na mpaka leo iko palepale.

Mchezaji wa raga naye hujiaibisha, lakini yeye ni wakati wa kuweka chini, anaruka kama samaki mkono mmoja na mpira unateleza. Kila mchezo na ujinga wake.

Mtu mmoja tu namruhusu kuchanganya haya maneno, Daniel Adongo, Mkenya aliyetolewa kwa raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza futboli yao hata mechi moja. Huyo sheria zote mbili zimemuumiza mwilini.

Wengine wote, tukiangalia Shujaa tuseme trai, tafadhali. Super Bowl ikianza saa nane na nusu usiku na uko macho, piga tachidauni mpaka majirani waamke, sina neno.

Nilimweleza jamaa haya yote Jumamosi hiyohiyo, taratibu, na chipsi zangu zikapoa. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Sasa boss, kwa hivyo Marekani trai ni pointi ngapi?" Moja ama mbili, nikamwambia, inategemea kama umepiga ama umebeba. Akasema hiyo ni kidogo sana, yeye anabaki na tachidauni.