Kabla ya kuchagua mlango, piga magoti

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kigamboni. Makabati yake ya jikoni hayajamaliza miaka miwili, na milango ya chini ya sinki haifungi. Akaniambia bawaba zimelegea, niende na mpya. Nilipofika nilifungua mlango, nikapiga magoti, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa ubao wa pembeni. Ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bawaba hazikuwa na kosa lolote. Skrubu zake ndizo zilizokosa pa kushika.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Karibu kila mteja huanza na picha ya mlango kwenye simu: nataka rangi hii, nataka unaong'aa hivi. Namsikiliza, halafu namwomba tuzungumze kwanza kuhusu kasha, yaani sanduku la kabati bila milango, kwa sababu kasha ndilo linalobeba sahani, sufuria na huo mlango wenyewe.

Makasha mengi siku hizi hutengenezwa kwa chipubodi au MDF ya milimita 18. Chipubodi ni chembechembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. MDF ni nyuzi laini zaidi, zilizoshindiliwa vivyo hivyo. Uso wake hufunikwa kwa melamini, tabaka jembamba na gumu la plastiki, na melamini haipitishi maji. Maji hupita ukingoni, pale msumeno ulipokata. Yakishaingia, zile nyuzi zilizobanwa kiwandani hufumuka, na hata ubao ukikauka hazirudi zilivyokuwa. Ndiyo maana utepe wa kuziba kingo lazima ubandikwe pande zote nne za kila kipande, pamoja na zile zisizoonekana. Fundi mwenye haraka hubandika upande wa mbele tu, na mteja hajui mpaka mvua mbili zipite.

MDF ya kijani ina gundi inayostahimili unyevu zaidi, lakini rangi ile ni alama tu, haizuii maji. Inachelewesha kuvimba, ikikaa kwenye dimbwi itavimba.

Plaiwudi ni kitu kingine. Ni matabaka membamba ya mbao yaliyogundishwa kwa kupishana, moja likilala kwa urefu, linalofuata kwa upana, hivyo kila tabaka humzuia jirani yake asitanuke. Hushika skrubu vizuri, na kwa kawaida ni nyepesi. Bodi nzima ya MDF ya futi 8 kwa 4 ina karibu kilo 40, na mabega yangu yanaijua. Ila kuwa mwangalifu na jina "marine", yaani ya baharini. Mjini mara nyingi utauziwa kwa jina hilo bodi zenye uso mweusi au wa kahawia zinazotumika kumwagia zege. Gundi yake huwa nzuri, lakini ndani unaweza kukuta matundu, na skrubu ikiangukia kwenye tundu haishiki chochote. Plaiwudi ya baharini ya kweli haina matundu hayo. Tazama pale ilipokatwa kabla hujalipa.

Na hiki ndicho kipimo ninachompa kila mteja, akipeleke hata kwa fundi mwingine: omba kipande kidogo cha bodi itakayotumika. Pima unene wake, kilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi upime tena. Hutahitaji maneno ya muuzaji.

Kwa nini sisi tunaumia zaidi? Kwa sababu tunadeki. Jikoni kwetu hupigwa maji na tambara, na kasha lililokalishwa moja kwa moja kwenye vigae hunywa kila siku. Kasha linatakiwa kusimama juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10 hivi, na mbele yake uwekwe ubao unaochomoka ili uweze kufagia chini. Miguu ni kitu cha bei ndogo katika kazi nzima, na ndiyo inayorukwa kwanza.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao, na wengi bado wanalitumia: kuta fupi za matofali, slabu ya zege juu, vigae, halafu fremu ya mbao na milango mbele. Vijana huyaona makabati hayo ya kizamani. Mimi nayaheshimu. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, sehemu ya chini ya zege na ya juu ya plaiwudi ni mpango mzuri sana. Kasoro yake ni kwamba ukikosea vipimo huwezi kuhamisha.

Sasa mlango. Mlango bapa ni kipande kimoja cha bodi, rahisi kufuta. Mlango wa paneli una fremu ya vipande vinne na ubao katikati, na hapa mninga ni mfalme, kwa sababu haujikunji wala kutanuka sana ukilinganisha na mbao nyingi. Mtiki wa mashamba ya Longuza, Tanga, nao ni mzuri ukikaushwa vizuri. Lakini hata mninga hupumua. Masika hutanuka kwa upana, kiangazi husinyaa. Kwa hiyo paneli haigundishwi; inakaa huru ndani ya mfereji wa fremu, na nafasi ya kuchezea. Ukiona mlango umepasuka katikati mstari mrefu, mara nyingi kuna mtu aliyetia gundi mahali pasipotakiwa. Rafu nazo zina hesabu yake: kwa mzigo uleule, ukiongeza urefu mara mbili, kubonyea huongezeka mara 8. Sivuki sentimita 80 bila nguzo.

Kama mtungi wa gesi utakaa ndani ya kabati, toboa matundu chini kabisa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni. Hili sifanyi mjadala na mteja.

Kule Kigamboni nilitoa mbao mbili za pembeni na ya chini ya sinki, nikaweka plaiwudi, nikapaka kingo zote vanishi mara tatu, nikainua kasha juu ya miguu, nikabadilisha pia bomba lililokuwa linadondosha. Makabati ya juu yalikuwa salama, sikuyagusa. Milango yake nikairudisha ileile, kwa bawaba zilezile alizotaka nizitupe.